Nyota Chini ya Meza ya Maulizo

Ukumbi wa stesheni kuu ulikuwa umefurika adhuhuri ile. Masanduku yanaburuzwa, watoto wanalia, mtu anamwita mwenzake kutoka mlango hadi mlango, na katikati ya kizaazaa chote hicho msichana mmoja kapiga magoti sakafuni ananyoosha utepe wa kupimia, utadhani ukumbi ni wa kwao na anataka kuushonea mapazia. Watu walimruka, wengine wakamsonya. Yeye hana habari.

Chuoni walimwita Bikari. Jina hilo alipewa na wenzake mwaka wa kwanza, siku alipochora duara ubaoni kwa mkono mtupu, mhadhiri akalipima na kukuta halina kasoro. Adhuhuri hii ya stesheni alivaa sketi ya rangi ya haradali yenye mifuko mikubwa, blauzi nyeupe iliyokunjwa mikono, raba zilizokwisha visigino, na penseli kaichomeka kwenye nywele. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa amepewa jengo moja mashuhuri la jiji, achambue maumbo yake. Mmoja kapewa mnara wa benki, pembetatu tupu kuanzia juu mpaka chini. Mwingine kapewa daraja la matao. Bikari alipewa stesheni, na alikuwa ameshaipenda kupita kiasi.

"Mama wee!"

Mwanamume mrefu aliyevaa koti la buluu la shirika la reli, lenye vifungo vya kung'aa, alikuwa amejikwaa kwenye utepe. Kofia ilienda upande wake, kikombe cha kahawa upande wake, na yeye mwenyewe akajikuta kakaa sakafuni uso kwa uso na Bikari.

"Dada, umenitega?"

"Kaka, macho umepewa ya nini?"

"Ya kutazama ratiba. Sikuambiwa leo kuna watu wanafunga kamba humu wanataka kuanika nguo."

"Si kamba, ni utepe. Napima."

"Unapima nini? Stesheni inauzwa?"

Bikari akacheka bila kupenda. "Ni mradi wa chuo. Ukumbi huu ni duaradufu."

"Dua nini?"

"Duaradufu. Duara lililovutwa pande mbili likawa refurefu, umbo la yai. Hebu tazama kuta zinavyozunguka. Tazama dari. Umefanya kazi humu na hujui?"

"Nimekulia humu," alisema mwanamume, na tabasamu lake likapungua kidogo. Akaokota kofia, akaipangusa kwa kiwiko. "Pole kwa utepe wako."

"Pole kwa kahawa yako."

Akaenda zake, akapanda ngazi nyembamba za kando. Bikari akarudi kwenye vipimo vyake. Hata hajaandika tarakimu moja, vipaza sauti vya ukumbi vikakoroma, ikatoka sauti nzito, tulivu, ya mtu asiye na haraka na dunia.

"Abiria wa treni ya kaskazini, mnaombwa kuelekea jukwaa la tatu. Na abiria wote mnaopita ukumbini, mnaombwa kujihadhari na dada mwenye sketi ya haradali. Ana utepe mkononi, na hana huruma."

Ukumbi mzima ukacheka. Bikari akajifunika uso kwa karatasi zake, masikio yanawaka moto. Kumbe ndiye Mtangazaji! Sauti ile aliisikia tangu mtoto, kila alipopita pale na shangazi yake, na hakuwahi kujiuliza ina sura gani. Sasa sura ameiona, na kwa kweli ilikuwa sura ya kutazamwa mara ya pili.

Basi, mapenzi yalianza hapo. Lakini kuna jambo jingine lilianza wiki hiyo hiyo, na hilo halikuwa na kicheko.

Upande mmoja wa ukumbi, sakafuni, ilizamishwa nyota ya shaba, ndogo tu, ambayo watu waliikanyaga kila siku bila kuiona. Bikari alipopiga hesabu zake aligundua kwamba haikuwekwa pale kwa urembo. Duara lina kitovu kimoja, duaradufu ina viwili, kila kimoja upande wake. Nyota ile ilikaa barabara juu ya kitovu kimojawapo. Kwa hesabu zake, lazima kuwe na nyota nyingine upande wa pili. Alipokwenda kuitafuta akakuta mahali pale pameketi meza ya mviringo, ya mbao nyeusi, ya kizamani, imefungwa kwa mnyororo. Juu yake kibao cha herufi zilizobanduka: MAULIZO. Siku hizi abiria walitazama skrini, hakuna aliyeuliza mtu kitu. Kati ya meza na nyota kulikuwa na ubao mkubwa wa ratiba na umati wa watu, kiasi kwamba ukisimama huku huoni kule.

Alasiri moja, treni kubwa imeshaondoka na ukumbi umepungua kelele, Bikari alisimama juu ya nyota akijaribu kuchora mkunjo wa dari. Mara mtu akamnong'oneza sikioni.

"Leo nimechoka sana. Upo?"

Akageuka ghafla. Hakuna mtu. Mama mmoja alikuwa amesinzia kwenye benchi la mbali, mfagiaji anasukuma fagio lake kule mlangoni. Lakini mnong'ono ule ulikuwa karibu mno, kama mtu aliyeweka kidevu begani kwake. Vinyweleo vikamsimama. Akakusanya karatasi zake shaghalabaghala akatoka mbio, penseli ikabaki sakafuni.

Nyumbani, shangazi yake alikuwa kwenye cherehani, amezama katikati ya kitambaa kizito cha mapazia ya hoteli. Huyu ndiye aliyemlea, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alisikiliza bila kuinua mguu kwenye kikanyagio.

"Wewe mtoto, pale wamesimama watu wangapi wakaagana wasionane tena? Na wewe unakwenda kupimapima. Kitu usichokiona kikikusemesha, usijibu."

Bikari hakulala vizuri. Asubuhi, akinywa chai, akaweka kikombe chini ghafla. "Shangazi! Sauti ikitoka kwenye kitovu kimoja, inagonga kuta na dari pande zote, halafu yote inakusanyika kwenye kitovu cha pili! Kulikuwa na mtu kule kwenye meza ya maulizo, ndiye aliyesema. Si jini, ni jiometri!"

"Jini ni jini," alisema shangazi, akikata uzi kwa meno, "hata ukilipa jina la shule."

Bikari alicheka mpaka chai ikampalia. Woga ukaisha, kiherehere kikachukua nafasi yake. Alijua sauti inatoka kule inakuja huku. Je, inarudi? Alasiri hiyo akaenda kusimama juu ya nyota, simu mkononi, tayari kupima sekunde. Akasubiri, na kwa muda mrefu akasikia vishindo vya viatu tu na mlio wa fagio. Hatimaye ukaja ule mnong'ono, na safari hii ulikuwa unatetemeka.

"Wameniita. Wanataka jibu leo hii. Niende au nibaki? Niambie tu, nitakusikiliza."

Mtu mwingine angetia shaka. Angejiuliza, maneno haya anaambiwa nani? Bikari alidhani ni abiria fulani tu yuko kwenye simu, anajishauri na mkewe. Akaona akimjibu atashtuka, naye atakimbia kumwona anavyoshtuka, na mradi utakuwa umepata ushahidi wake. Akainama kidogo, akanong'ona:

"Baki."

Kisha akatimka kwenda kuona amemshtua nani. Akauzunguka ubao wa ratiba, akapita kati ya familia iliyobeba magodoro, akafika kwenye meza ya maulizo akihema. Hapakuwa na mtu. Vumbi juu ya mbao lilikuwa limefutika mahali pawili, kama palipoegemea viwiko, na alipogusa alikuta pana joto. Kulikuwa na harufu ya poda, ile poda ya uso ya akina mama wa zamani, inayokuja na kupotea.

"Hapo hapaguswi, dada wa utepe."

Akaruka. Ni Mtangazaji, ametokea upande wa vyooni, uso bado una maji na macho mekundu. Bikari akadhani ana mafua.

"Samahani. Nilikuwa natafuta kitu."

"Hata mimi," alisema Mtangazaji. Alimtazama kwa namna ya ajabu, kama mtu anayemlinganisha na picha. Kisha akasema kwa haraka, asije akakosa ujasiri, "Naomba namba yako."

"Ya upana wa ukumbi au ya urefu?"

"Ya simu, jamani!"

Akampa. Na kuanzia hapo simu ya Bikari haikukaa kimya.

"Mpendwa abiria," sauti nzito ingesema asubuhi, hata salamu bado, "treni ya mapenzi imechelewa kidogo kwa sababu dereva anatafuta shati lililopigwa pasi."

"Abiria amekasirika. Anataka kurudishiwa nauli."

"Nauli hairudishwi. Ila abiria anaweza kupewa busu."

"Hee! Kwa simu ya kazini? Wakisikia wakubwa zako?"

"Niko kwenye kibanda changu peke yangu, mpenzi. Huku juu wananisikia nikitaka wanisikie."

Shangazi akipita nyuma anauliza kwa sauti kusudi, "Huyo wa treni kala?" na Mtangazaji anaitikia, "Mwambie shangazi shikamoo, bado sijala!" Walizunguka jiji zima, Bikari akimwonyesha pembetatu za mnara na matao ya daraja, Mtangazaji akitangaza kila kitu kwa sauti ya stesheni mpaka wapita njia wanageuka. Alikuwa mtu wa kumfanya mtu acheke mbavu zikauma. Lakini kuna wakati, katikati ya kicheko, alikuwa ananyamaza na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Siku moja walikaa kwenye mkahawa mdogo unaotazamana na stesheni. Bikari alikuwa amevaa gauni la kijani aliloshonewa na shangazi, Mtangazaji bado na koti lake la kazini. Akazungusha kijiko ndani ya kikombe mpaka kahawa ikapoa.

"Nikikwambia kitu, hutanicheka?"

"Jaribu."

"Mama yangu alikuwa mtu wa maulizo. Ile meza uliyoigusa siku ile ni yake. Mimi nimekulia chini ya meza hiyo, alikuwa hana wa kumwachia. Mtu akija kuuliza, 'Mgeni wangu mbona hajafika?' mama anamwambia, 'Yuko njiani, tulia.' Hata kama treni imeharibika huko porini, yuko njiani, tulia. Akajipaka poda yake, akamhudumia anayefuata." Akatabasamu peke yake. "Alipofariki wakaifunga. Tangu hapo nikimaliza zamu nasimama pale namsimulia siku yangu. Kwa kunong'ona, watu wasinione mwehu."

Mkono wa Bikari ulikuwa umeshika mkate. Ukabaki hapo hapo hewani.

"Wiki ile tulipokutana," aliendelea Mtangazaji, "redio ile kubwa iliniita. Kusoma habari. Ndiyo ndoto yangu tangu nina meno ya utoto, mama alikuwa anajua. Ila nilikuwa naogopa kumwacha pale peke yake. Nikamuuliza, niende au nibaki? Na mama akanijibu. Nakuapia, Bikari, mama alinijibu."

"Alisema nini?" Bikari akaurudisha mkate sahanini.

"Aliniambia nibaki. Na maneno mengine, hayo ni yangu. Jioni ile ile nikapiga simu redioni nikakataa. Wenzangu wananiona mjinga. Mimi sijutii, kwa sababu mama kasema." Akamshika mkono. "Mbona umekuwa baridi hivi?"

"Kichwa kinaniuma."

Alikwenda nyumbani akajifungia. Neno moja alilolitupa kwa mchezo, kwa kutaka kupima sekunde, limemnyang'anya mtu ndoto yake, na limemnyang'anya kwa sauti ya maiti. Simu ikalia, akaitazama. Ikalia tena, akaigeuza kifudifudi. Siku zikapita hivyo. Mwishowe Mtangazaji akaacha ujumbe wa sauti, na Bikari aliusikiliza amekaa sakafuni katikati ya mapazia ya shangazi.

"Nimeelewa. Ulidhani nitakuwa mtu wa redio, na sasa unaona nitazeeka nikitangaza treni. Ungesema tu, mpenzi. Ningekuelewa."

"Sivyo!" Bikari akaipigia kelele simu, na machozi yakamtoka. Akamweleza shangazi yote.

Shangazi safari hii alisimamisha cherehani. "Mwambie."

"Nikimwambia, shangazi, nitakuwa nimemuua mama yake mara ya pili."

"Na usipomwambia utakaa naye maisha yako yote umevaa nguo za marehemu. Kila akikutazama anamwangalia mama yake, na wewe unajua. Utaweza?"

Hakuweza. Alasiri iliyofuata akamwandikia ujumbe: simama mezani kwa mama, ukimaliza zamu, usikilize. Akaenda kwenye nyota. Akaitia mikono mifukoni. Kabla hajafungua mdomo akasikia pumzi ya mtu sikioni, na mnong'ono: "Mama?"

Alitamani kukimbia.

"Ni mimi," akanong'ona. "Ni Bikari. Nimesimama upande wa pili. Hivi ndivyo ukumbi ulivyojengwa, ukisema hapo nasikia hapa, nikisema hapa unasikia hapo. Siku ile uliyouliza niende au nibaki, ni mimi niliyejibu. Sikujua ni wewe. Sikujua unaongea na nani. Nisamehe."

 Alisikia pumzi ile ikikatika. Baada ya muda akamwona Mtangazaji anakuja kati ya watu, kofia mkononi, anatembea kama mgonjwa aliyetoka kitandani mapema.

"Ulikuwa unacheza."

"Nilikuwa napima."

"Unapima!" Watu wakageuka. "Mimi namlilia mama yangu, wewe unapima? Nimekaa na wewe mkahawani, nimekufungulia moyo wangu wote, ukaniambia kichwa kinakuuma?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Basi umenipoteza. Na yeye umenipotezea." Akavaa kofia, akaivua tena, asijue afanye nini nayo. "Kule juu kuna watu wanasubiri treni zao. Niache."

Kuanzia siku hiyo sauti ya stesheni ilikuwa kavu: jukwaa, saa, basi. Kisha ikanyamaza kabisa, akasikika mwanamke mwingine akisoma ratiba kwa haraka. Mtangazaji amechukua likizo, walisema wenzake wa kazini, hawajui anarudi lini. Bikari aliwasilisha mradi wake. Mhadhiri aliusifu sana, akataka darasa zima liende stesheni likasikie ule mnong'ono. Bikari akakataa katakata, akasema ukumbi ule una mwenyewe. Walimshangaa. Akapata alama nzuri, na alipofika nyumbani akaiweka karatasi ya matokeo juu ya kabati bila kuionyesha kwa mtu.

Alimkosa Mtangazaji kila mahali. Akiona tao, anamkosa. Akiona kikombe cha kahawa, anamkosa. Hata shangazi alimkosa, maana siku moja alisahau akauliza, "Huyo wa treni kala?" kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Asubuhi moja simu ikalia. Hakukuwa na mpendwa abiria.

"Nina swali moja tu," ilisema ile sauti nzito. "Siku ile ulisema nini? Nataka neno kwa neno."

"Nilisema 'baki.'"

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Nilisema hilo tu nikakimbia kuja kuona nani ameshtuka."

 Bikari aliisikia saa ya ukutani ya huko aliko Mtangazaji.

"Bikari, usinidanganye tena. Nakuomba."

"Sikudanganyi. Kwani ulisikia nini?"

"Nilisikia 'Baki.' Halafu nikasikia, 'Baki, Kasuku. Yuko njiani.'"

"Kasuku ni nani?"

Pumzi ya Mtangazaji ikatetemeka simuni. "Ni mimi. Nilikuwa nakaa chini ya meza naigiza matangazo ya treni, ndiyo maana. Hakuna mtu aliyeniita hivyo isipokuwa yeye. Sijapata kumwambia mtu. Wewe sikukwambia. Siku zote hizi nimekaa nikijiuliza umelitoa wapi."

Bikari alikaa chini. Kichwani alikuwa ameshaanza kuchora, hakuweza kujizuia: kuta, dari, nyota huku, meza kule. Mwangwi ungerudisha alichosema yeye, usingeongeza neno. Vitovu ni viwili tu. Kimoja alisimama yeye, na kingine alisimama Mtangazaji. Alizungusha mchoro ule kila upande na hakupata nafasi ya mtu wa tatu. Ngozi ya mgongo ikamsisimka, na chumba kilikuwa kimejaa jua.

"Nilikwenda kunawa uso," alisema Mtangazaji polepole. "Niliporudi nikakukuta wewe. Ndiyo maana nilikuomba namba. Njoo kesho. Adhuhuri, mezani kwa mama."

Alimkuta amesimama pale bila koti la reli, amevaa suti ya kijivu iliyombana mabega na tai iliyofungwa vibaya. Amekonda. Bikari alikuwa na ile sketi ya haradali, hakuwa na moyo wa kuchagua nyingine.

"Nilikwenda redioni," alisema Mtangazaji. "Nimechelewa. Kuna kijana mwingine kwenye kile kiti, na anasoma vizuri, kwa kweli."

"Nisamehe. Najua haitoshi, lakini nisamehe."

"Haitoshi." Akamtazama. "Nimekukasirikia mpaka hasira imeniishia, nimebaki na hamu tu ya kukuona. Sasa nifanye nini? Nenda kwenye nyota."

"Kwa nini?"

"Nenda tu. Ila nikikuuliza kitu, jibu kwa niaba yako wewe. Usinijibie tena kwa niaba ya mtu mwingine, hata kwa wema. Na usinifiche kitu."

"Naapa."

Akapita kati ya masanduku na watoto na watu wanaokimbilia treni. Akasimama juu ya nyota. Kelele zote za adhuhuri zilikuwepo, na juu ya kelele zote, karibu kabisa na sikio, akasikia:

"Bikari. Nikuoe?"

Alifumba macho.

"Ndiyo," akanong'ona, na hapo hapo akaanza kukimbia kurudi, sketi kaishika kwa mikono miwili, anawapiga watu vikumbo na kuwaomba radhi.

Mtangazaji alikuwa ameegemea meza. Analia na kucheka kwa pamoja. Alimkumbatia mpaka penseli ikadondoka kwenye nywele.

"Mpenzi wangu," alisema, "mbona umesema mara mbili?"

Bikari akasimama kama alivyo, uso kifuani kwake. Uongo ulikuwa rahisi, tena mtamu. Angesema tu, "Ni kwa furaha, mpenzi," na mambo yangeisha hapo. Meza ile ilinukia poda.

"Nimesema mara moja," akajibu.

Mikono ya Mtangazaji haikulegea.  Kisha Bikari akajitoa taratibu kifuani kwake, akainyoosha sketi yake, akageukia ile meza nyeusi yenye mnyororo. Hakujua atazame wapi, basi akatazama kile kibao cha herufi zilizobanduka.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Mezani hapakutoka kitu. Vishindo vya viatu, kilio cha mtoto, mwanamke wa vipaza sauti anataja jukwaa. Bikari alikuwa karibu kujicheka. Ndipo masikioni mwao wote wawili, kutoka upande wa pili wa ukumbi, ikaja sauti ya mtu wasiyemjua, mama fulani wa safari aliyekuwa anakatiza zake juu ya nyota na mizigo yake, ikanong'ona kwa mshangao:

"Wee! Nani huyo kaniitikia marahaba?"